Uzi: Maisha yakibana, kwa nini tunakimbilia kwa waganga? Yaliyonikuta dukani kwangu Ngarenaro

Muuza Duka Ngarenaro

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara tatu. Leo asubuhi nimepita stendi ndogo hapa Arusha, nikakuta nguzo moja ya umeme ina matangazo sita ya waganga, jingine juu ya jingine, gundi bado mbichi. Pete ya bahati. Kusafisha nyota. Kurudisha mpenzi ndani ya saa 24. Kesi, mirathi, kupanda cheo kazini. Utajiri bila kafara. Chini kuna namba ya simu. Kijana mmoja alikuwa amesimama pale na bahasha ya kaki kwapani, zile tunazobebea vyeti, anainakili namba kwenye simu yake taratibu, anairudia asije akakosea. Nikajua nisipoandika leo sitaandika tena.

Tumezoea kusema wanaokwenda kwa waganga hawajasoma. Sikubaliani na hilo. Mimi nina kidato cha sita, na nimekwenda.

Machi 2020 korona ilipoingia, watalii walikatika. Mnaojua Arusha mnajua maana yake. Wateja wangu wengi ni madereva wa watalii, wapishi wa safari, wafua nguo wa hoteli, akina mama wanaouza shanga. Wote walikosa kazi ndani ya wiki chache. Walikuwa wateja wa miaka, sikuweza kuwanyima unga, kwa hiyo wakaanza kuchukua kwa mkopo, naandika kwenye daftari. Kufika Juni, kila usiku nikihesabu droo nakuta pengo. Kichwani najua siku hiyo vitu vya laki mbili vimetoka, droo ina elfu tisini. Mwenye duka yeyote atakuambia hiyo inaitwaje. Chuma ulete. Kuna mtu anakulipa noti, noti ile inarudi kwake na wenzake.

Nikaweka chumvi kwenye droo. Nikaweka pilipili. Mke wangu akaweka Biblia. Agosti nikaenda kwa mtaalamu mmoja upande wa Kisongo.

Nilikuta benchi la watu saba wanasubiri, mmoja bado ana kitambulisho cha kazi shingoni. Ndani kuna ubani, ungo na kauri. Akaniuliza jina langu na jina la mama yangu. Akamwaga kauri, akaziangalia kwa muda mrefu, akasema, "Ni mwanamke wa ukoo wa baba yako. Huwa anakuja kwako na kitu cheupe mkononi."

Shangazi yangu anaishi Kibosho. Kila Jumamosi ya pili alikuwa anapanda Hiace kuja kuniona, na hajawahi kuja mikono mitupu. Huleta mkungu wa ndizi na kidumu cha lita tatu cha maziwa mgando.

Nililipa laki moja na themanini kwa awamu mbili. Nikapewa yai la kufukia kizingitini, uzi mweusi wa kufunga mguu wa kaunta na dawa ya kunawa alfajiri. Shangazi alipokuja nilipokea maziwa kwa mikono miwili, nikamshukuru, akiondoka namwaga kwenye mtaro nyuma ya duka. Mtaro wote ukawa mweupe. Miezi saba. Baadaye nikaanza kumwambia niko safarini, asije.

Machi 2021 mke wangu alikaa chini na lile daftari na kikokotoo, usiku kucha. Jumla ya mikopo ilikuwa 2,340,000. Pengo langu lote lilikuwa pale, limeandikwa kwa mwandiko wangu, mstari kwa mstari, jina kwa jina.

Kwa hiyo sikuwa sijui. Nilijua, ila sikuwa na wa kumlaumu. Nimlaumu dereva asiye na mtalii? Nimlaumu kirusi? Mganga alinipa mtu mwenye sura, na akanipa kazi ya kufanya alfajiri. Nilivyokuwa nimechoka, hivyo viwili vilikuwa na thamani kuliko hiyo laki na themanini.

Naamini hapo ndipo penye mzizi. Mtu akifanya yote aliyoambiwa, akasoma, akaamka mapema, akaweka akiba, halafu riziki isije, na asiwepo wa kumweleza kamba imekatikia wapi, atatafuta wa kumweleza. Karibuni tujadili. Naomba tusitukanane.

Apolo Mstaafu

Mkuu umenigusa. Nimekaa Mirerani, kwenye machimbo ya tanzanite, miaka kumi na moja, kuanzia nikiwa na miaka kumi na tisa.

Kwa wasiojua, mwana-apolo, yaani mchimbaji wa chini ya shimo, hana mshahara. Bosi anatoa chakula, baruti na mafuta. Wewe unashuka chini mamia ya mita, unapiga mwamba, na mgodi ukitema ndipo unapata mgao. Unaweza kukaa miezi minane, miaka miwili, hakuna kitu. Mgodi wa jirani, mita hamsini kutoka kwako, watu wanatoka na mawe wananunua magari.

Sasa angalieni jambo hili. Kompresa ikiharibika hakuna anayeita mganga. Anaitwa fundi, anafungua, anabadilisha spea, hewa inashuka. Kamba ikikatika tunanunua kamba. Lakini jiwe likigoma kuonekana, hapo ndipo mbuzi mweusi anachinjwa mdomoni mwa shimo na bosi anaambiwa asilale na mkewe siku kadhaa. Watu ni walewale, akili ni ileile, shimo ni lilelile. Palipo na fundi anayejua, mganga hatakiwi. Juni 2020 mzee Saniniu Laizer alipopata yale mawe mawili ya tanzanite, moja la kilo 9 na ushee na jingine kilo 5 na ushee, serikali ikamlipa shilingi bilioni 7.7, mgodini kwetu mganga wa tatu aliitwa wiki hiyohiyo. Hatukuwa na swali la jiolojia. Tuliuliza kwa nini yeye na si sisi.

Na hofu ipo. Mafuriko ya 1998 na ya 2008 yaliua makumi ya wenzetu chini ya ardhi. Nilimjua mmoja, tulikuwa tunakula sahani moja. Ukishuka kesho yake unavaa chochote utakachopewa.

Mwalimu wa Historia Marangu

Vijana wangu, hongereni kwa uzi wenye adabu. Nimefundisha historia miaka thelathini, niruhusuni nirefushe kidogo.

Alichosema Apolo kuhusu kompresa kiliwahi kuonekana mbali sana na Mirerani. Mwanzoni mwa karne iliyopita, watafiti waliokaa na wavuvi wa visiwa vya Trobriand, huko Pasifiki, waliona kuwa kwenye maji tulivu ya ndani, ambako samaki ni wa uhakika, watu walivua tu. Walipotoka bahari kuu, kwenye hatari na kubahatisha, ndipo uganga ulipoanza. Na kwa Wazande wa Sudani Kusini ya leo, miaka ya 1920, mtu aliyeangukiwa na ghala alijua vizuri kabisa kuwa mchwa ndio waliokula nguzo. Swali lake lilikuwa kwa nini nguzo ianguke saa ileile aliyokaa yeye kivulini. Mchwa hawajibu swali hilo.

Lakini uzi unauliza kuhusu nyakati ambapo jamii nzima imekata tamaa, na hapo historia ina mengi. Mwaka 1905 watu wa Umatumbi hawakunywa maji ya mganga Kinjeketile kwa sababu ya ushamba. Walikuwa wamelazimishwa kulima pamba ya Wajerumani, wanachapwa viboko, mashamba yao ya chakula yanabaki mapori. Maji yale yaliwaambia kwamba risasi zitageuka maji, na yakawaunganisha makabila mengi ya kusini ambayo hayakuwahi kusimama pamoja. Kinjeketile alinyongwa Agosti mwaka huohuo, vita ya Majimaji ikaendelea hadi 1907.

Pemba, mwaka 1995, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ukikaribia, watu walikesha nje ya nyumba zao, wamewasha moto, wakimwogopa jini Popobawa. Urusi mwaka 1989 televisheni ya taifa ilimwonyesha mponyaji Kashpirovsky akitibu watu kupitia kioo, na Chumak akiyabariki maji asubuhi. Familia nzima zinapanga mitungi ya maji mbele ya televisheni. Hao ni watu waliokuwa wamepeleka binadamu angani mwaka 1961, na shule walikuwa nazo. Miaka miwili baadaye dola yao ikavunjika. Marekani, baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, akina mama wengi waliopoteza watoto walikaa gizani kuzunguka meza wakisubiri roho zigonge.

Sasa nirudi nyumbani. Baba yangu alikuwa mkulima wa kahawa. Alijua idadi ya mibuni yake, alijua daraja la kahawa yake kwa kuishika tu. Julai 1989 makubaliano ya dunia ya kugawana soko la kahawa yalivunjika, na bei ikaporomoka. Hakuna aliyekuja Marangu kumweleza. Alichoona ni kwamba anafanya kazi ileile na hela haipo. Mwaka uliofuata aligombana na mdogo wake juu ya mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, na ugomvi ulipokolea aliambiwa na mtu wa mbali kuwa mdogo wake "amefukia kitu" kwenye mibuni. Ndugu wawili hawakusalimiana miaka tisa. Bei ilipangwa ng'ambo ya bahari, lawama ikatua kwa baba mdogo.

Hapa nataka nikuongezee hoja yako, Muuza Duka. Azimio la ujamaa lilipotangazwa huko kwenu Arusha mwaka 1967, hata aliyelipinga alipewa lugha ya kueleza umaskini wake: unyonyaji, bei za wakubwa, ubepari, uvivu wetu wenyewe. Lugha ile ilikuwa ya hadhara, mnaijadili kwenye mkutano wa kijiji, mnabishana. Mwaka 1991, kule Zanzibar, miiko ya uongozi, iliyowazuia viongozi kumiliki hisa na nyumba za kupangisha, ililegezwa, na lugha ile ikafa polepole bila kuzikwa. Umaskini ukabaki bila maelezo ya hadhara. Ndipo yakaingia maelezo ya sirini: freemason, ndagu (uganga wa kutafutia utajiri), nyota iliyoibwa. Mtu akijenga ghorofa leo hatuulizi mkataba gani, tunauliza amemtoa nani kafara.

Kijana wa Sakina

Shikamoo mwalimu. Hiyo aya ya mwisho nimeisoma mara mbili. Mimi ni mmoja wa wenye bahasha ya kaki. Nimemaliza chuo 2019. Nimefanya usaili mara kumi na nne. Mara kumi na nne hakuna aliyewahi kuniambia nimekosea wapi, wanasema "tutakupigia". Mwaka jana nilituma elfu thelathini kwa namba ya "freemason" aliyesema ananisajili. Akaomba nyingine hamsini ya "sare". Nilikuwa najua ni tapeli. Nikatuma ishirini.

Mzee wa Usa River

Marahaba kwa wanaosalimia. Mimi nina mashaka na hoja yenu kwa upande mmoja. Mnasema wanaokwenda ni waliokata tamaa. Mbona wenye nacho ndio wa kwanza? Msimu wa uchaguzi ukifika, ulizeni magari yenye vioo vyeusi yanakwenda wapi usiku. Timu za mpira zenye mishahara minono zinaruka ukuta badala ya kuingia mlangoni. Hao wamekata tamaa gani?

Pili, msichanganye. Kuna mtu anayejua mizizi na magome, kama alivyojua bibi yangu, na nchi hii inamtambua kwa sheria ya tiba asili ya mwaka 2002. Huyo si mpiga ramli. Mkiwaweka kapu moja mnamdhulumu.

Muuza Duka Ngarenaro

Mzee shikamoo. La pili nakubali moja kwa moja, bibi yangu mwenyewe alinitibu tumbo kwa majani. Mimi nazungumzia ramli, ile inayokuacha ukiondoka na jina la ndugu mdomoni.

La kwanza limenifikirisha tangu jana. Nadhani mgombea naye yuko bahari kuu. Ametumia fedha, ameahidi watu, na mwisho wa siku jina linapitishwa au kukatwa kwenye chumba ambacho hayumo. Tofauti ni kwamba yeye akishindwa anarudi kwenye nyumba yake nzuri. Lakini kutojua nani anaamua, na kwa kigezo gani, kunamla kama kunavyomla huyu kijana wa Sakina. Kwa hiyo labda nilikosea kusema umaskini. Niseme giza. Pale mambo yanapoamuliwa gizani, kila mtu anatafuta mwenye taa, tajiri na maskini.

Nesi wa Zamu

Naomba niongee kama mhudumu wa afya. Mwaka 2011 nilikuwa kwenye kliniki ya wenye virusi, mkoa huu huu. Mnakumbuka Babu wa Loliondo, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kijijini Samunge. Kikombe kimoja, shilingi 500, dawa ya mti wa mugariga, kwa kisukari, presha, pumu, saratani, ukimwi. Foleni ya magari ilihesabiwa kwa kilomita, zaidi ya ishirini, na watu walifia njiani kabla ya kufika. Mawaziri walikunywa, kamera zikiwaka.

Kliniki yangu ilikuwa tupu. Wagonjwa wangu waliacha ARV. Wengine walirudi baada ya miezi, wamebebwa. Wengine hawakurudi, na nina majina yao kichwani mpaka leo.

Nilikuwa na hasira nao, halafu mama mmoja akanijibu kitu kilichonikata. Akasema, "Dada, kule tulilala njiani siku tano, tunapikiana uji, hakuna aliyeficha anaumwa nini. Hapa kwenu nimekuja miaka minne, hakuna aliyenitazama usoni." Ilikuwa kweli. Siku ya kliniki nilikuwa na wagonjwa themanini na kitu, tuko wawili. Dakika tatu kila mmoja, natazama kadi. Mganga anampa mtu saa nzima, anamuuliza jina la mama yake. Wizara haijawahi kutupa saa nzima ya kumpa mtu.

Babu hakutajirika kwa 500 ile kwa kadiri tulivyomwona, na alifariki Julai 2021. Simwiti tapeli. Lakini walioacha dawa walikufa.

Dada wa Majengo

Nesi, naongezea kutoka Moshi, maana watu wakisikia uganga wanafikiri tunguli tu. Tarehe 1 Februari 2020, uwanjani hapa Majengo, watu ishirini walikufa wakikanyagana, wanawania kukanyaga mafuta ya upako. Mimi ni mlokole, naomba nieleweke, simsemi Mungu. Jirani yangu alikuwepo. Alinunua kiatu kipya cha kukanyagia mafuta, alisema baraka isikute kiatu kilichotoboka. Alikuwa na genge Mbuyuni, limekufa, marejesho ya mkopo wa kikundi yako palepale kila wiki, na wakikosa wanachukua godoro. Alirudi bila kiatu kimoja, amevunjika mbavu. Alichonililia ni kwamba hakufika kwenye mafuta.

Sikuwa na la kumwambia. Nilimpelekea uji wiki tatu.

Apolo Mstaafu

Dada pole sana. Kuna jambo nilikuwa naliogopa kulisema, ila uzi umefika pazuri. Hasara ya elfu hamsini si kitu. Ramli ikishamtaja mtu, mtu huyo anaumia. Kanda ya Ziwa, kuanzia miaka ya 2006 na 2007, ndugu zetu wenye ualbino walikatwa viungo kwa sababu mganga alimwambia mchimba dhahabu au mvuvi kuwa humo ndimo bahati ilimo. Bibi vikongwe wameuawa kwa macho mekundu, macho ambayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kupikia kinyesi cha ng'ombe. Januari 2009 Waziri Mkuu Pinda alitangaza kuzuia vibali vya waganga, na mwaka 2015 serikali ikapiga marufuku tena. Ukiona jambo limekatazwa mara mbili ujue halikukatika mara ya kwanza.

Nilifikiri sana nilipoacha machimbo. Sisi na wale wauaji tulikuwa na njaa ileile na swali lilelile. Sisi mganga wetu alitaja mbuzi. Angetaja mtu je?

Kijana wa Sakina

Muuza Duka, samahani kaka, hujatuambia. Shangazi vipi?

Muuza Duka Ngarenaro

Nilikuwa naikwepa hiyo.

Baada ya mke wangu kumaliza lile daftari nilikaa wiki mbili sijui nifanye nini. Kwa simu niliona ni dharau. Mwishowe kaka yangu mkubwa akaniambia nifanye kama wazee walivyofanya. Wachagga wenzangu wanajua: ukiwa umemkosea mtu kosa ambalo maneno hayalifikii, unakata jani la isale, unamshikisha mkononi, na akilipokea hawezi tena kukukatalia msamaha. Nilikata kwenye mpaka wa kihamba cha baba, nikaenda nalo Kibosho kwa miguu kutoka barabarani, watu wananiona nimelishika. Wote walijua naenda kuomba radhi, ila hawakujua ya nini.

Shangazi alikuwa anachambua maharage. Akaliona jani kabla ya kuniona mimi usoni. Nilipiga magoti, nikamweleza yote, kauri, yai, mtaro. Sikuficha hata bei.

Akalichukua jani, akaliweka mapajani juu ya maharage. Alinyamaza mpaka kuku akaja kudonoa ungo na hakumfukuza. Halafu akaniuliza, "Kwa hiyo miezi yote hiyo mwanangu ulikuwa unayaogopa maziwa yangu?"

Nilikosa jibu, na mpaka leo sina.

Alinisamehe. Alisema amesamehe, na jani alilichomeka pembeni ya zizi, limeshika. Lakini hajawahi kuniletea maziwa tena. Sasa ni mimi ninayepanda kwenda kwake, Jumamosi ya pili, naketi jikoni, ananimiminia kwenye kikombe, nakunywa mbele yake mpaka kiishe.